Mtandao wa waya kwa ofisi ndogo: anza na waya, ruta baadaye

Mtandao wa kompyuta nane hadi kumi na mbili, uwe wa steshenari, wa SACCOS au wa chumba cha kompyuta shuleni, hauhitaji vifaa vingi. Ruta moja inayoleta intaneti, swichi moja (kisanduku chenye matundu ya kuunganishia kompyuta zote), waya, vichwa vya RJ45 (plagi za plastiki za kwenye ncha za waya), koleo la kubania na testa ya kupimia waya. Ukigoma, watu hukimbilia ruta: wanaizima, wanaiwasha, wengine wanaibonyeza ile riseti ya nyuma na kufuta mipangilio yote. Ilhali mara nyingi kosa liko kwenye waya au kwenye kichwa kilichobanwa ovyo. Ndiyo maana fedha na umakini viende huko kwanza.

Nunua waya ya daraja la Cat5e au Cat6, ya shaba tupu. Madukani kuna waya ya bei ya chini iitwayo CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Boksi lake la mita 305 ni jepesi. Linyanyue kando ya boksi la shaba utaona tofauti papo hapo. Kama bado una shaka, omba kipande kifupi, menya uzi mmoja kisha uukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, umekutana na alumini. Uzi huo hukatika upesi ukikunjwakunjwa, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba, hivyo mawimbi hufifia njiani. Ukiwa na mpango wa kufunga kamera zinazopata umeme kupitia waya hiyohiyo ya mtandao, CCA usiiguse kabisa, maana hupata joto. Kwa kompyuta kumi, Cat5e ya shaba halisi ni bora kuliko Cat6 ya alumini, hata kama maandishi ya boksi yanasema vingine.

Umbali wa mwisho kutoka swichi hadi kompyuta ni mita 100, ukihesabu na vipande vifupi vya mezani na vya kwenye kabati. Ukizidi hapo weka swichi nyingine katikati.

Sasa kubana vichwa, kazi ambayo ndiyo huamua kama utalala usingizi. Mpangilio wa rangi unaotumika sana unaitwa 568B. Shika kichwa ulimi wake wa plastiki ukiwa upande wa nyuma, meno ya dhahabu yakikutazama na mdomo wa kuingizia waya ukiwa chini. Kutoka kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Pande zote mbili za waya ziwe hivyohivyo.

Kuna mafundi wanaosema rangi zikilingana huku na huku inatosha, kwa mpangilio wowote ule. Si kweli, na hitilafu yake ni ngumu kuigundua. Chukua mtu aliyepanga jozi zikifuatana: chungwa zake mbili, kijani zake mbili, bluu zake mbili, kahawia zake mbili. Testa ya bei nafuu itawasha taa 1 hadi 8 bila kuruka hata moja, kwa sababu inachopima ni kama kila uzi umefika. Lakini kompyuta hutumia namba 3 na 6 kama jozi moja. Kwenye mpangilio huo, namba 3 ni nyeupe ya kijani na namba 6 ni bluu, nyuzi mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isiingilie nyingine. Ukikosekana, mawimbi yanachanganyikana. Waya ya mita mbili itafanya kazi vizuri tu. Ya mita thelathini itakatakata, faili kubwa zitasuasua, na utabadilisha swichi mbili kabla ya kutazama rangi. Ukiitwa kwenye ofisi yenye malalamiko ya aina hii, tazama rangi kabla hujafungua kompyuta yoyote.

Menya ganda la nje kiasi cha sentimita tatu, nyoosha nyuzi, zipange, kisha zikate sawasawa zibaki kama milimita 13. Sehemu iliyofumuliwa msokoto isizidi hapo. Sukuma mpaka uone ncha za shaba zimegonga ukuta wa mbele wa kichwa, na ganda la nje liwe limeingia chini ya kile kibanio cha plastiki. Hapo ndipo ubane. Kichwa ambacho nyuzi zake zinaonekana nje ya mdomo kitalegea siku mtu atakapouvuta waya kwa mguu. Kikate ukibane upya siku hiyohiyo. Na kama bajeti inaruhusu, funga soketi ukutani na utumie vipande laini vilivyotengenezwa kiwandani kufikia kompyuta. Waya ngumu ya ukutani haikuundwa kukunjwa kila siku na miguu ya viti.

Usipitishe waya ya mtandao kwenye trankingi moja (mfereji wa plastiki wa kupitishia waya) na nyaya za umeme. Zikilazimika kwenda sambamba, ziachane walau sentimita 20 hadi 30; zikikutana, zivukane kwa pembe ya mraba. Andika namba ileile kwenye ncha zote mbili za kila waya.

Waya ya shaba isivuke hewani kutoka jengo moja kwenda jengine. Radi ikipiga karibu, umeme hupita humo na kuunguza swichi, ruta na kompyuta za pande zote mbili. Tena majengo mawili yenye ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) tofauti huweza kupitishiana umeme hata siku isiyo na wingu. Tumia faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, pamoja na kigeuzi kimoja kila upande cha kuunganisha faiba na waya ya shaba. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na chumba kizima cha kompyuta.

Kwenye anwani, yaani namba ya kila kifaa mtandaoni, fanya mambo yawe rahisi. Ruta iwe 192.168.1.1, igawe anwani kutoka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199 na barakoa (subnet mask) 255.255.255.0. Printa uipe anwani isiyobadilika nje ya eneo hilo, tuseme 192.168.1.20. Ukiipa printa 192.168.1.120, ipo siku ruta itampa mtu mwingine namba hiyo na wote wawili wataanza kuyumba.

Mtandao ukigoma, fuata waya kwenda juu. Taa ya poti, yaani tundu la kuchomekea waya, inawaka? Kama haiwaki, badilisha waya, kisha badilisha poti ya swichi, kimoja kimoja, la sivyo hutajua kilichoponya. Ikiwaka, fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani na haikujibiwa. Baada ya umeme kukatika na kurudi hili ni la kawaida, kwa kuwa kompyuta nyingine huwaka haraka kuliko ruta. Subiri dakika chache uandike ipconfig /renew. Ukiweka UPS ndogo (betri ya akiba) kwa ajili ya ruta na swichi peke yake, tatizo hili hutalisikia sana.

Anwani ikiwa sahihi, andika ping 192.168.1.1, amri ya kuuliza kama kifaa hicho kinajibu. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo kwenye intaneti. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, si waya. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikakataa, mpigie mtoa huduma wa intaneti. Usihangaike na swichi.

Baadhi ya kompyuta zinapata intaneti na nyingine hazipati? Shuku ruta ya pili. Mtu ameleta ruta ya zamani ili apate waifai, akaichomeka kwenye swichi, nayo inagawa anwani zake. Andika ipconfig /all usome mstari wa DHCP Server, yaani kifaa kilichogawa anwani. Namba ikiwa si ya ruta yako, umempata. Hakuna haja ya kuitupa ruta hiyo: izime ugawaji wa anwani, uipe 192.168.1.2, kisha uichomeke kwa poti ya LAN (ya kompyuta) badala ya WAN (ya intaneti).

Ofisi nzima ikiganda ghafla na taa zote za swichi zikimetameta kwa pamoja bila kupumzika, tafuta waya ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi moja. Aliyekuwa akifagia aliikuta inaning'inia, akaichomeka kwa nia njema. Swichi ndogo nyingi za kawaida haziwezi kujikinga na mzunguko huo. Chomoa waya moja moja mpaka taa zitulie.

Kuna kosa jingine la kimyakimya: swichi ni ya gigabiti (kasi ya Gbps 1), lakini kompyuta moja inakwenda polepole. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya mara mbili kwenye Ethernet usome kasi. Ikiwa ni Mbps 100 badala ya Gbps 1 wakati kadi ya mtandao ya kompyuta inaiweza gigabiti, mara nyingi jozi ya bluu au ya kahawia haijashika. Mbps 100 hutumia chungwa na kijani tu, ilhali gigabiti inadai jozi zote nne. Bana upya vichwa vyote viwili.

Na kompyuta zikipata intaneti lakini zikashindwa kufunguliana mafaili, waya yako iko salama. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, badilisha Public iwe Private kwenye kila mashine, kisha uwashe ugawanaji wa faili. Kumbuka kwamba Windows huweza kukataa kujibu ping ya kompyuta jirani kwa sababu ya ukuta wake wa ulinzi, kwa hiyo usibane vichwa upya kwa sababu ya ping hiyo peke yake.