Mnaoandika Riwaya za Ndoa na Wokovu, Njooni Hapa Kidogo

Nimemaliza kusoma rundo la miswada yenu, na karibu kila mume mlevi ameokoka sura ya mwisho. Anapita nje ya kanisa, anasikia pambio, analia, mke anamkumbatia, mwisho. Nawapenda, lakini mmenichosha.

1. Rafiki wa mhusika mkuu si kipaza sauti cha mchungaji. Kila mke akilia, mwenzake anatokea na mstari mdomoni, hana deni, hana wivu, wala ndoa yake mwenyewe haimsumbui. Na mume si lazima awe shetani. Someni 1 Samweli 1: Elkana anampenda kweli mkewe Hana, aliyekosa mtoto, na bado anamwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Mume mwema, faraja mbovu. Ndoa nzima imo katika swali hilo.

2. Msamaha usiharakishwe. Hapa nina deni, acheni niseme yote. Mwenzangu wa maombi alinieleza kwamba mumewe, kabla hajaanza kumfokea, huzunguka nyumba akifunga madirisha. Nikayatia kwenye riwaya. Nilijiona mwangalifu: nikabadili jina, nikabadili kazi, nikaongeza watoto. Madirisha nikayaacha kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na utamu, na wasomaji waliyasifia kuliko chochote nilichowahi kuandika. Ruhusa sikuomba. Nilijiambia hadithi itawafaa wanawake wengine, na sababu kama hiyo humziba mtu mdomo, hasa mwenye nayo. Alipoisoma alinipigia simu, akauliza, "Hata madirisha?" Nikaomba radhi, nikalia, akasema amenisamehe, papo hapo, kama tulivyofundishwa. Nikadhani yamekwisha. Kikundini aliendelea kuja, akikaa pale pale ubavuni mwangu, salamu zote akitoa. Ila zamu yake ya kutaja hoja za maombi ikifika, husema, "Niombeeni afya." Wiki hadi wiki, afya. Mwanamke yule hakuwa mgonjwa. Na katika riwaya ile ile, kurasa chache baada ya madirisha, nilikuwa nimewapatanisha marafiki wawili kwa aya moja na chozi moja.

Basi mhusika wako akisema "nimekusamehe" ukurasa wa 90, nataka ukurasa wa 140 nione ni jambo gani hamwambii tena rafiki yake. Hata Paulo, Wafilipi 4:2, anawasihi Euodia na Sintike, wanawake wawili wa kanisa lile, wawe na nia moja. Kama walipatana, haandiki.

3. Sala ya mhusika isizidi mistari mitano. Ikizidi, tunairuka, nanyi mnajua mnairuka.

4. Siri uliyoambiwa kwenye maombi si malighafi. Nimeshasema.

5. Hakikini maandiko kabla ya kuniletea. Miswada mitatu ina bibi arusi anayemwambia bwana arusi madhabahuni, "wewe uendako nitakwenda." Maneno yale Ruthu alimwambia Naomi (1:16), mjane kwa mjane mwenzake, tena mama mkwe wake, wakiwa njiani na hawana kitu. Bibi arusi wenu ayatamke mbele ya mama mkwe, huyo mliyemfanya mchawi tangu sura ya pili. Sura hiyo nileteeni hata usiku, nitaisoma.