Bolti ya kontrolo amu imekatika, bushi nazo vipi?

Kaka, kontrolo amu ni ule mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi; bolti yake iliyokatika usikubali ichomelewe. Nenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar, na kipande chenye kichwa, soma namba ya uimara iliyopigwa juu yake, 8.8 au 10.9, ununue yenye namba hiyohiyo. Usishuke hata kidogo, hapo ndipo gurudumu linaposhikiliwa.

Bushi, yaani vile vipande vya mpira kwenye maungio ya amu, ambazo fundi anasema zimepasuka lakini "bado zinadai" (bado zinafaa), mwambie atoe sasa hivi, maana amu iko chini tayari na ufundi utalipia mara moja. Azitoe kwa presi, mashine ya kusukumia, nyundo inaharibu tundu.

Sasa shika hili, gereji nyingi wanaliruka: bushi za mpira hazikazwi gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia. Mpira umegandana na bomba la chuma la katikati. Ukikaza hapo, gari likishuka mpira unabaki umejisokota muda wote na utachanika mapema. Azishikize tu kwa mkono, gari likanyage chini, alitikise, ndipo akaze kabisa.

Kama unakaa karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, apake grisi kidogo kwenye shina la bolti, si kwenye nyuzi. Chumvi ya bahari ndiyo inayozigandisha. Kisha kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.