Barua kwa mwanangu: kwa nini hatukumchoma

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa nimefunga mlango, ili dadako asisikie unavyolia. Umeniuliza mbona wazee wa mtaa walimtoa yule kijana aliyemuua rafikiyo mikononi mwa wenziwe wakamkabidhi polisi, na hali kila mtu ajua kesi za Kenya zinavyokufa. Ukasema lau ungekuwa Mombasa na si Doha, petroli ungeibeba wewe mwenyewe. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza.

Kwanza nikueleze yaliyotokea, maana huko naona yamekufikia yakiwa na chumvi nyingi. Hapakuwa na genge, hapakuwa na unga wa kulevya wala mwanamke. Ilikuwa shilingi 200. Rafikiyo, Mungu amrehemu, alikuwa na karai lake pale pale penu, viazi na bhajia, na yule mwenziwe alikuwa na deni lake la wiki nzima la kula na kuondoka. Baina ya Magharibi na Isha akaja tena, akadaiwa mbele ya watu. Wakajibizana. Mimi nilikuwa barazani kwa jirani nachambua mchele, hatua chache tu, nikasikia yote. Marehemu alimtukana mamake. Tusi lenyewe silirudii hapa, lakini walikuwepo watu, na watu walicheka.

Yule kijana hakuinua mkono. Aliondoka. Ikaadhiniwa Isha, wanaume wakaingia msikitini, wakatoka, marehemu akatia karaini viazi vingine. Ndipo akarudi, amevaa jaketi katika joto lote lile la kaskazi, mkono mmoja ameuficha ndani. Mimi nilimwona kabla marehemu hajamwona. Nilidhani amekuja kulipa.

Nilipomfikia marehemu alikuwa amekaa chini ameegemea ndoo ya ukwaju, vidole vimeganda unga wa dengu mpaka kwenye viungo, na alikuwa akijaribu kuufuta unga ule kwenye nguo, wallahi, kama mtu aliyeitwa na mgeni ghafla. Tukampakia tuktuk. Hakufika hospitali ya Makadara.

Vijana walimkamata muuaji karibu na stendi ya boda. Taili la kumchomea lilikuwa tayari. Imamu na yule mwenyekiti wa bodaboda, ambaye wewe humpendi, wakasimama mbele yake, wakala makofi na wao, mpaka gari la polisi likafika. Wale wawili ndio uliowatukana kwenye ujumbe wako. Mmoja bado mkono umefungwa bandeji.

Sasa swali lako. Ningetaka kukujibu tu "mngemchoma vipi mtu asiyejulikana kama ndiye" ningekupa mfano wa Kitengela, Agosti 2021, vijana wanne waliouawa na umma kwa kudhaniwa wezi wa ng'ombe, na familia zao zikabaki zikisema watoto wao hawakuiba chochote. Lakini utaniambia hapa hapakuwa na shaka, mtaa mzima ulimwona. Kweli. Basi nisikupotezee wakati na hoja hiyo.

Hoja yangu ni nyingine. Siku ya pili ya matanga, wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, kila mmoja anamwambia mamake marehemu la kwake. Huyu aape kuwa damu ya mtoto haiendi bure, yule atake anyongwe, mwengine aseme "msamehe, utalipwa Peponi". Bi yule alikuwa kimya tangu mazishi. Kisha akasema: "Mimi nataka kujua njiani alikuwa afikiri nini. Alitoka hapa, akafika kwao, akachukua kisu, akarudi. Nyumba yao si karibu. Nataka mtu amuulize, na ajibu nikiwa nimekaa mbele yake."

Nani angemuulizia swali hilo kama mngekuwa mmemchoma? Ungempa nini mama yule, jivu?

Tena lile analotaka kujua ndilo hasa jaji atakalolitaka. Hili sikulijua, nimeelezwa na wakili wa familia. Kuua kwa kukusudia kuko katika kifungu cha 203 cha Sheria ya Adhabu, na kifungu cha 207 chasema aliyeua kwa kuchokozwa ghafla, kabla hasira hazijapata nafasi ya kupoa, kosa lake lashuka na kuwa kuua bila kukusudia. Basi kesi yote itasimama juu ya muda ule, tangu tusi mpaka jaketi. Alikwenda wapi, alikaa kiasi gani, alizungumza na nani. Na mtaa mzima huu wa watu waliokuwa wakipiga kelele za kitanzi, polisi walipokuja kuandika taarifa, hakuna aliyeona. Huyu alikuwa ndani akioga. Yule alikuwa kwa shangazi yake Likoni. Kijana aliyeshika taili, aliyetaka kuua kwa mikono yake mbele ya umma wa watu, akasema yeye hapendi mambo ya mahakama.

Haya ndiyo yaliyoniuma kuliko yote, na ndiyo nataka uyafikirie huko uliko. Wasema kesi zinakufa. Zinakufa, sikatai. Faili zinapotea, tarehe zinasukumwa mbele, miaka yapita mpaka shahidi ahame au afe. Lakini nyingine zafia barazani kwetu, siku ya kwanza, kwa maneno mawili: "Sikuona."

Mimi nimeandika taarifa. Najua hukuambiwa, babako alitaka tukufiche usije ukafanya wasiwasi. Nimekwenda kituoni nikasema yote niliyoyaona, na tusi pia nimelisema. Hapo ndipo nilipokosana na watu. Wametoka upande wa marehemu wakaja nyumbani, kwa heshima zote, wakanywa kahawa, wakaniomba hilo la tusi niliache, "maana litamsaidia yule". Huenda likamsaidia. Lakini pia nimesema aliondoka, Isha ikaswaliwa yote, kisha akarudi na jaketi. Siwezi kuchukua nusu ya yale niliyoyasikia na kuyaona nikaipeleka mbele ya jaji na nusu nikaiacha jikoni. Ushahidi ni ule au si ushahidi. Ami yake marehemu amenuna mpaka leo. Akinipita njiani salamu anaitoa kwa babako tu.

Kuhusu kunyongwa, usijisumbue sana. Hukumu ya kifo ingali kitabuni, kifungu cha 204, lakini Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na wa mwisho walikuwa wanajeshi wa lile jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Kibaki aliwabadilishia kifungo cha maisha zaidi ya wafungwa 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi. Na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikasema jaji halazimiki tena kutoa kifo kwa kila muuaji, asikilize kwanza, apime. Wanaopiga kelele "anyongwe" wajua au hawajui kuwa wanaomba kitu ambacho hakijafanyika tangu kabla wewe hujazaliwa. Mimi, kama waniuliza, na umeniuliza, sitaki anyongwe. Nataka afungwe miaka mingi, na nataka isomwe hukumu kwa sauti, jina lake na jina la marehemu.

Umesema pia kuwa kwa dini roho ni kwa roho, na kwamba sisi tunaojidai Waislamu tumeikimbia Qur'ani. Mwanangu, hiyo aya ya kisasi katika Suratul Baqara isome mpaka mwisho, usiikate katikati: mna msamaha humo, na mna dia, yaani fidia ya damu, na mna onyo kwa atakayevuka mpaka baada ya hapo. Na ile ya Suratu Bani Israil yasema aliyeuawa kwa dhuluma, walii wake, yaani msimamizi wa damu yake, amepewa madaraka, na akaambiwa asizidishe katika kuua. Walii wake. Hakuambiwa stendi ya boda, wala kijana aliyeko Doha. Damu hii ina wenyewe, nao ni mama yule na watoto wake.

Na kwa hilo hilo sikupendezwa na hotuba ya Ijumaa iliyofuata, ambapo ustadhi mgeni alitangaza kuwa mtaa umesamehe, watu waitikie amin. Mtaa umesamehe nini? Kila mtu siku hizi anajichukulia kisichokuwa chake. Wenye taili walijichukulia kisasi, ustadhi akajichukulia msamaha, na mwenye haki zote mbili amekaa nyumbani na eda ya mumewe haijaisha. Ndiyo, umesahau hilo, mumewe tumemzika mwezi wa Rajabu.

Wako wanaosema tuipeleke kwa Kadhi. Haipelekeki. Katiba imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hali ya mtu, basi. Mauaji ni ya Mahakama Kuu, na mshtaki ni Jamhuri. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kuiondoa kesi ya mauaji baada ya familia mbili za Kiislamu kulipana na kusuluhishana, na mawakili wengi hawakuipenda hukumu ile. Mimi pia siipendi, nikwambie ukweli. Nahofia mwenye ng'ombe na nyumba za kukodisha auze kesi, na maskini aoze gerezani Shimo la Tewa kwa kosa lile lile. Familia zikitaka kusameheana na zisameheane, ni fadhila kubwa, lakini na yasemwe kwanza yaliyofanyika.

Nikupe na la mazishi, kwa sababu uliuliza mbona alicheleweshwa. Ami yake alitaka maiti usiku ule ule, azikwe asubuhi. Polisi wakakataa mpaka daktari wa serikali ampasue. Paliwaka pale mochari, karibu wapigane. "Ameuawa mara moja, mwataka kumuua mara ya pili?" Nilimwonea huruma, kwani nani apenda maiti yake ikatwe. Aliyeituliza ghasia ni mamake, kwa simu, akasema wamwache daktari afanye kazi yake. Bila ya ripoti ile, wakili asema, upande wa pili ungeweza kudai amekufa kwa jengine lolote. Tulimzika Kikowani baada ya Alasiri, na watu walivyokuwa wengi jeneza lilipita juu ya mikono bila ya aliyelibeba kupiga hatua kumi.

Kuna jambo moja bado sijakwambia, na najua litakukasirisha. Nimekwenda kwa mamake yule kijana. Mlango wake umefungwa tangu siku ile, duka lake la barafu na ubuyu limefungwa, watoto hawatumwi tena kwake hata chumvi. Mtu ameandika neno ukutani kwake kwa makaa. Binti yake mdogo ameacha kwenda madrasa, wenziwe wamwita "dada wa muuaji". Nilimpelekea wali na samaki, nikakaa. Hakumtetea mwanawe hata kidogo. Aliniuliza tu kama ni kweli kuwa aliyetajwa pale karaini ni yeye. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi ameua kwa ajili yangu na mimi sikumtuma." Kisha akalala chini sakafuni, nikakaa naye mpaka binti yake akarudi na maji.

Wanawake wawili wa mtaa wameshanisema kwa hilo, ati nakula kwa marehemu na kwa muuaji. Waseme. Mama hakushika kisu.

Kesi imeshatajwa hapa Mahakama Kuu. Kijana alipelekwa kupimwa akili, akaonekana mzima, akakana shtaka. Yuko rumande. Wakili wake ataomba dhamana, nayo ni haki ya Katiba isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumnyima, kwa hivyo usishtuke ukisikia. Wakili wa familia amesema sheria ya waathiriwa ya 2014 yawapa nafasi ya kusikizwa mahakamani, na mama yule ameshaanza kuyapanga maneno yake. Eda haimzuii kufika mahakamani kwa dharura kama hii, tumeuliza kwa mashekhe wawili.

Sasa nina maombi kwako. Ile video ya kijana akipigwa stendini, umeituma kwenye kundi la familia, na binamu yako ameipeleka kwengine. Ifute, na uwaambie waifute. Wakili asema upande wa utetezi watafurahi sana kuipata. Zaidi ya hayo, binti mdogo wa yule mama ana simu.

Pesa ulizosema utatuma za hitima, usimtumie ami yake, mtumie mama mwenyewe. Namba yake dadako anayo. Na umpigie. Usimwambie habari za petroli. Mwambie unavyomkumbuka mwanawe mlipokuwa mkitoroka madrasa kwenda kuogelea Mama Ngina, hadithi hiyo hajawahi kuisikia.

Babako akusalimu. Asema ule, na upunguze kukesha na simu.

Mimi mamako