Maswali ya Wasomaji: Uwakala wa Bima ya Matibabu, Je, Unalipa?

Swali: Mhariri, nimeuza bidhaa madukani kwa muda mrefu. Sasa nataka kuwa wakala wa bima ya matibabu ninayejitegemea, nisifungwe na kampuni moja. Kweli kamisheni pekee inaweza kulisha familia? — Msomaji, Nakuru

Jibu: Inaweza, ila usiitegemee mwaka wa kwanza. Hapa Kenya kamisheni ya bima ya matibabu kwa kawaida ni asilimia 10 ya malipo ya msingi. Ushuru wa stempu na tozo nyingine zinazoongezwa juu hazihesabiwi. Familia ikilipa shilingi 90,000 kwa mwaka, kamisheni yako ni 9,000. Kampuni inakata asilimia 10 na kuipeleka KRA, mamlaka ya mapato, kama kodi ya zuio, nawe unabaki na 8,100. Kwa hiyo, ukitaka 80,000 kila mwezi, unahitaji familia 119 hivi, na hapo hujatoa nauli wala gharama za simu.

Faida ya bima hii ni kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja, na mteja akiufanya upya unalipwa tena. Hapo ndipo pesa ilipo. Tuseme unapata familia tatu mpya kila mwezi. Ukipoteza mteja mmoja kati ya kumi kila mwaka, utavuka familia 119 mwaka wa nne. Ukipoteza mmoja kati ya watano, utafika huko mwaka wa tano, ukiwa umetembea kilomita nyingi zaidi kwa pesa ileile. Kwa hiyo tenga siku nzima kila wiki kwa wateja ulio nao tayari.

Tafuta pia ofisi ndogo na shule za binafsi. Wafanyakazi 30 wakilipiwa 60,000 kila mmoja, unapata sawa na familia 20 kwa mkupuo mmoja. Hatari yake ni kwamba zinaondoka kwa mkupuo vilevile, kwa hiyo omba ripoti ya madai (matibabu ambayo kampuni imewalipia) miezi mitatu kabla mkataba haujaisha, mwajiri asije akashtuliwa na bei mpya wiki ya mwisho.

Kuhusu leseni: fanya mtihani wa COP (cheti cha umahiri wa bima), upate kampuni itakayokuteua, kisha leseni itolewe na IRA, mamlaka inayosimamia bima. Huifanya upya kila mwaka. Kampuni tatu au nne zinatosha, maana ukiwa na nane hutaijua hata moja vizuri.

Swali: Mteja wangu alilazwa kwa presha, bima ikakataa kulipa kwa kuwa hakuiandika kwenye fomu. Sasa ananilaumu mimi. Ningefanyaje? — Msomaji, Eldoret

Jibu: Pole sana, dada. Jambo hili huvunja uwakala wa watu wengi, na chanzo chake karibu kila mara ni fomu iliyojazwa haraka. Ukimuuliza mtu, "Una ugonjwa wowote?" atakujibu hana, kwa sababu anajiona mzima. Muulize, "Kuna dawa unayomeza kila siku?" Hapo ndipo atataja kidonge cha presha cha kila asubuhi. Muulize pia alilazwa lini mara ya mwisho, kama amewahi kupasuliwa, na kama mkewe ni mjamzito. Fomu aijaze kwa mkono wake na kutia sahihi, nawe ubaki na nakala.

Usimwambie mtu afiche. Akilazwa, daktari ataandika kwenye ripoti kwamba mgonjwa ana presha tangu miaka kadhaa, na kampuni itaisoma ripoti hiyo kabla ya kutoa kibali cha kulipa. Akisema ukweli, mara nyingi atawekewa muda wa kungoja tu kabla ugonjwa huo haujaanza kulipiwa, au kikomo kidogo cha malipo ya maradhi ya kudumu ndani ya kile kikubwa cha bima nzima. Mweleze vikomo hivyo kwa tarakimu. Mtu anayeamini ana milioni moja, kumbe kujifungua kwa upasuaji kumewekewa 150,000, atalijua hilo kwenye dirisha la malipo la hospitali, na jina atakalolitaja ni lako.

Kwa sasa, omba barua ya kukataliwa yenye kifungu kilichotumika. Kama presha iligunduliwa baada ya fomu kutiwa sahihi, daktari aandike tarehe ya ugunduzi, kisha ukate rufaa kwa kampuni. Ikishindikana, malalamiko yanapokelewa na IRA.

Swali: Kila nikibisha mlango naambiwa, "Sisi tuna SHA." Nijibuje? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Usiidharau SHA, bima ya afya ya serikali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kisheria, na makato hayo hayataondoka akinunua bima yako. Muulize hospitali anayokwenda mtoto akiugua usiku, na mara ya mwisho alitoa kiasi gani mfukoni. Jibu lake litaonyesha kama anahitaji nyongeza. Mlipakodi mkumbushe nafuu ya bima: asilimia 15 ya alicholipa, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Kwenye 90,000 hiyo ni 13,500, mradi achukue cheti cha bima kutoka kwa kampuni kabla ya kujaza ritani ya kodi.

Swali: Mteja anataka kunitumia pesa kidogo kidogo kwenye simu yangu. Nikubali? — Msomaji, Thika

Jibu: Hapana. Sheria inataka kampuni ilipwe kabla ya bima kuanza, na pesa iliyo kwenye simu yako haimlindi mteja hata kwa saa moja. Mpe namba ya paybill ya kampuni, alipe mwenyewe, akutumie ujumbe wa uthibitisho. Asiyeweza kulipa mara moja anaweza kuchukua mkopo wa benki wa kulipia bima. Fuatilia kila awamu, kwani akikosa kulipa, benki huomba mkataba ufutwe, na kampuni inaweza kukudai sehemu ya kamisheni uliyokwisha kula.