Maswali na majibu: "Tezi tu" haimpeleki mtu maabara

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaume ambao mzazi wao ameambiwa ana saratani. Za wanaotaka niwahakikishie kwamba si kitu nimeziweka kando.

Baba (miaka 71) amekutwa na saratani ya tezi dume. Baba mkubwa ameagiza tuseme ni "tezi tu" na wadogo zangu wasijue. Mimi nina miaka 43, nakojoa vizuri. Je, nipime? (Tanga)

Pima, tena mwezi huu. Mwenye baba au kaka aliyeugua ana hatari takribani mara mbili ya mwenzake, na sisi wenye asili ya Afrika tayari tuko juu. Ndiyo maana mtu kama wewe hushauriwa kuongea na daktari kuhusu kipimo cha damu, PSA, kati ya miaka 40 na 45, asingoje 50.

Kukojoa vizuri si ushahidi. Saratani hii mara nyingi huanzia pembeni ya tezi, mbali na njia ya mkojo, ikakaa miaka bila kubana chochote. Nimekuwa muuguzi wodi ya wanaume miaka mingi. Wapo walioletwa wakilalamikia mgongo tu, umeshachuliwa kwa kila mafuta, kumbe ugonjwa uko kwenye mifupa.

Baba mkubwa mpeni shikamoo yake, amri yake msiifuate. Majibu ya baba yangu mzazi niliyakuta ndani ya kasha la miwani, karatasi imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama biskuti, tarehe yake ya miaka 3 nyuma. Kaka zangu wawili walikuwa wameshavuka 50 bila kupima hata siku moja, na mimi muuguzi nipo nyumbani humo humo! Mandela alipotibiwa kwa mionzi mwaka 2001 dunia nzima iliambiwa, akaishi miaka 12 zaidi. Mwombe mzee ruhusa, kisha wadogo zako watajiwe ugonjwa kwa jina lake kamili.

Nisaidie dawa ya tezi dume. (Hakuna umri, hakuna dalili)

Hii ni ya nne mwezi huu. Tezi dume ni kiungo, kila mwanamume anayo, na haina dawa kama sikio lisivyo na dawa. Unauliza kuvimba kwa utu uzima, maambukizi au saratani? Kila moja lina matibabu yake. Na yule muuza unga wa mizizi pale stendi akikwambia unatibu yote matatu, mwulize alikupima kwa kifaa gani.

Kipimo cha kidole kinapunguza uanaume? (Dodoma)

Hapana. Daktari anaigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hakifiki dakika moja, na wake zenu wamejifungua mbele ya wageni sita wala hamkuwauliza swali hilo.

Aliyeugua ni mama, saratani ya titi akiwa na miaka 39. Mimi mwanamume inanihusu nini? (Mombasa)

Inakuhusu sana. Kuna hitilafu ya kurithi kwenye jeni iitwayo BRCA2. Mama akiwa nayo, kila mtoto, wa kike na wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuichukua. Kwa mwanamume inaongeza hatari ya saratani ya tezi dume, tena ile kali, na ya titi pia. Ndiyo, titi: karibu mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya titi ni mwanamume. Ukigusa uvimbe nyuma ya chuchu usingoje mpaka uanze kuuma. Si kila mama mgonjwa ana hitilafu hiyo, ila umri huo wa 39 mtajie daktari kabla hajakuuliza.

Nataka kumuenzi baba kwa bonanza la baiskeli Novemba: fulana, masharubu, na kupima PSA palepale uwanjani. (Morogoro)

Masharubu ya Novemba, yanayofugwa kuhamasisha afya ya wanaume, yalianzia Melbourne, Australia, mwaka 2003, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni bajeti. Ninazoonyeshwa zina fulana, tenti, muziki na mgeni rasmi. Nauli ya atakayekutwa na namba kubwa haimo. Akitoka na PSA ya 9, kesho yake anakwenda kwa nani? Kurudia kipimo au kuchukuliwa kipande kidogo cha tezi kikapimwe analipa nani? Kama mtamtuma hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, andikeni nauli hiyo kabla ya fulana.

Halafu namba kubwa si lazima iwe saratani. Tezi iliyovimba, maambukizi, kumwaga mbegu siku moja mbili kabla, hata kukalia tandiko la baiskeli kunaweza kuipandisha. Nanyi mnataka kumtoa mtu damu akiwa ndiyo kwanza ameshuka! Uwanjani toeni elimu na miadi, damu itolewe siku nyingine.

Mzee mwenyewe ameridhia jina lake liandikwe mgongoni mwa watu 200?

Nina miaka 46, baba aliugua, PSA yangu ni 2. Nimeshamaliza? (Kigoma)

Bado. Daktari atakupangia, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Nenda na karatasi ya sasa, maana kinachoangaliwa ni namba inavyokwenda mwaka hadi mwaka. Na mkeo ajue umeiweka wapi.