Ukipewa Chakula Siku ya Kuzaliwa: Ushauri kwa Mnaokuja Kuishi Japani

Ukija kuishi Japani, siku yako ya kuzaliwa ikikaribia acha nafasi kwenye friji. Wengi wanaojiandaa kuja huku huniuliza kuhusu baridi, kodi ya nyumba na lugha. Zawadi hawaziulizii, na ndizo zitakazokukutanisha na watu. Mara nyingi zawadi hiyo ni chakula, tena chakula ambacho hujawahi kukitia mdomoni.

Mimi ni mtu wa Shinyanga, naishi Tsukuba, mkoa wa Ibaraki, kaskazini-mashariki mwa Tokyo. Mama mwenye nyumba wangu ni mzaliwa wa Mito, makao makuu ya mkoa huu, mji unaojulikana Japani nzima kwa natto, maharage ya soya yaliyochachushwa. Nimezaliwa Januari, na kila Januari analeta kitu. Kwake na kwa wenzangu chuoni nimejifunza jambo moja ambalo naomba ulishike: huku zawadi ya chakula haijapokelewa mpaka uile, halafu umrudie aliyekupa umweleze ilivyokuwa. Kuipokea kwa mikono ni mwanzo tu.

Mikono yenyewe iwe miwili. Inama kidogo. Atakayekupa atasema ni kitu kidogo tu, hata kama kimemgharimu. Usibishane naye, shukuru. Kabla ya kufungua, omba ruhusa. Vijana hupenda ufungue pale pale wakuone uso, lakini wazee wengi wamezoea zawadi ifunguliwe baada ya mgeni kuondoka. Karatasi usiichane. Maduka makubwa hufunga boksi kwa karatasi moja iliyokunjwa kimshazari na kubanwa kwa kipande kimoja cha gundi. Ukikitoa taratibu karatasi yote inafunguka ikiwa nzima. Zawadi ikija imefungwa kwa kitambaa, furoshiki, uliza kama kitambaa nacho ni chako. Wakati mwingine ni sehemu ya zawadi, wakati mwingine anatakiwa kurudi nacho nyumbani.

Kisha tazama tarehe, kwa sababu ziko za aina mbili. Moja inasema chakula kitakuwa na ladha nzuri hadi lini, nyingine inasema usikile baada ya siku hiyo. Vitamu vibichi kama daifuku, yaani mochi (donge la mchele wa kunata uliopondwa) laini yenye maharage matamu ndani, ni vya siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiviweka hadi Jumamosi ili ule na wenzako, vitakuwa vigumu na utakuwa umepoteza alichokikusudia aliyekupa.

Sasa tuje kwenye kula kwenyewe. Ushauri wangu ni kuanzia kwa ndugu zako. Kila mmoja wetu ana vyakula vya nyumbani ambavyo vina ndugu huku, na ukiwapata hao kwanza, mdomo unapata ujasiri wa kuendelea kwa wengine. Kwangu mimi ndugu wa kwanza alikuwa hoshi-imo. Ni viazi vitamu vilivyopikwa kwa mvuke, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Sehemu kubwa ya hoshi-imo ya Japani hutoka hapa Ibaraki, hasa upande wa Hitachinaka, na msimu wake ni majira haya ya baridi. Msukuma yeyote akiviona atasema ni matobolwa. Tofauti ni kwamba hivi ni laini, vinavutika, na juu vina unga mweupe ambao mgeni anaweza kudhani ni ukungu. Si ukungu, ni sukari ya kiazi chenyewe imetoka nje. Usiufute. Viweke kidogo juu ya jiko au kwenye kibaniko cha mkate hadi kingo zianze kubadilika rangi, ule na chai isiyo na sukari. Nilipomwonyesha mama mwenye nyumba picha ya matobolwa ya kwetu yakiwa yameanikwa juu ya mwamba, alikaa nayo muda mrefu, akaniuliza tunaanika siku ngapi na kama tunamenya kabla au baada ya kuchemsha. Tangu siku hiyo maongezi yetu yalibadilika.

Ndugu wa pili ni dagaa. Wajapani wanao, wanawaita niboshi, na wanawatumia hasa kutengeneza mchuzi mwepesi uitwao dashi. Mchuzi huu unaweza pia kutoka kwenye kombu, mwani mpana uliokaushwa, au kwenye vipande vyembamba vya samaki aina ya katsuo aliyekaushwa na kufukizwa moshi. Ukipewa boksi la kombu au katsuo usilione kama zawadi kavu. Mwaka 1908 mwanakemia Ikeda Kikunae alitambua kwamba utamu ule wa mchuzi wa kombu unatokana na glutamate, akaupa jina la umami. Lakini huhitaji kemia. Loweka kipande cha kombu kwenye maji usiku kucha, asubuhi pasha moto, toa kombu kabla maji hayajachemka, tia chumvi kidogo, unywe. Fanya hivyo kwa wiki nzima. Dashi imo karibu katika kila kitu utakacholishwa: supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), mayai, mboga, tambi. Mdomo ukishaizoea, nusu ya vyakula vigeni vinaacha kuwa vigeni.

Natto inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayokimbiza watu, na ukikaa Ibaraki itakufikia tu. Ni maharage ya soya yaliyopikwa na kuchachushwa na bakteria aina ya Bacillus subtilis, ambao kwa asili hukaa kwenye mabua ya mpunga. Ndiyo maana natto ya zawadi kutoka Mito hufungwa ndani ya mabua makavu, kama alivyoniletea mama mwenye nyumba mwaka wangu wa kwanza. Ile ya kila siku iko kwenye kiboksi cheupe chepesi, ina karatasi ya plastiki juu na vipakiti viwili: mchuzi wa kahawia na haradali. Toa plastiki kwa kuizungusha, usiivute juu, la sivyo nyuzi zitakufuata hadi kwenye shati. Koroga kwanza bila kitu, hadi maharage yafunikwe na povu jeupe. Halafu ndipo utie mchuzi, haradali na vitunguu vya majani.

Harufu ni kali, siwezi kukuficha. Lakini kinachowashinda wengi si harufu, ni ule utelezi, na hapo sisi tumeshawatangulia wengine. Aliyekulia kwenye mlenda ana haki gani ya kuogopa utelezi? Wajapani wenyewe hula natto na bamia. Chemsha bamia kidogo tu, katakata nyembamba, changanya, mwagia juu ya wali. Mimi nilianza kuipenda kwa njia hiyo. Kama bado unasita, tafuta hikiwari, natto iliyokatwakatwa vipande vidogo, au nunua ile iliyoviringishwa na wali ndani ya nori, mwani mwembamba kama karatasi; nori inashika nyuzi zote. Onja kidogo leo, kidogo wiki ijayo, usijilazimishe kumaliza kiboksi. Na mtu anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda asiile kabisa. Natto ina vitamini K nyingi inayopunguza nguvu ya dawa hiyo, na madaktari wa huku huwakataza wagonjwa wao waziwazi.

Umeboshi huja kwenye boksi zuri, kila tunda limefungwa peke yake kama pete. Ni tunda dogo liitwalo ume, limewekwa chumvi na kuanikwa juani. La kizamani chumvi yake hufika asilimia 20 hivi ya uzito. Usilitie lote mdomoni. Chana kipande kwa vijiti, kiweke juu ya wali mweupe, ukumbuke kuna kokwa. Yako yaliyotiwa asali ambayo chumvi yake ni ndogo zaidi, anza na hayo. Mwenye shinikizo la damu ale kwa uangalifu.

Siku ya kuzaliwa unaweza pia kupikiwa sekihan, wali wa mchele wa kunata uliopikwa na maharage mekundu ya azuki na kunyunyiziwa ufuta na chumvi. Huu ni wali wa sherehe, na mtu akikupikia mwenyewe amekuheshimu sana. Kwetu hauna ugeni wowote, ni wali maharage uliovaa nguo ya sikukuu. Azuki zilizopikwa na sukari ndizo zitakazokushangaza. Zile na chai ya kijani isiyo na sukari, uchungu wa chai unaziweka sawa. Mochi ikate vipande vidogo na uitafune hadi mwisho. Kila mwaka mpya zimamoto wa Tokyo huwaonya watu kuhusu mochi kukwama kooni, hasa kwa wazee. Samaki mbichi nina machache ya kusema: anza na aliyebabuliwa juu kwa moto, utafika.

Kama wewe ni Mwislamu, au una mzio, sema mapema, wala usione haya. Wajapani huuliza kabla, na jibu fupi lililo wazi linawapa nafuu kuliko kukubali kila kitu kisha sahani ikarudi imejaa. Jifunze kutambua alama 豚, nguruwe, na 酒, pombe. Hiyo ya pili utaikuta hata ndani ya 酒精, kileo kinachotiwa kwenye baadhi ya umeboshi na michuzi ya soya ili visiharibike. Mirin, kiungo cha kupikia chenye utamu, ina pombe ya asilimia 14 hivi. Vitamu vya kutetemeka vinaweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Ukiona huwezi kula, eleza sababu siku ile ile, na umwombe ruhusa ya kumpa rafiki anayekula. Kuchukua kimya kimya na kutupa ni kumdhulumu mtu aliyekufikiria.

Na kitu usichokipenda? Usiseme hukipendi, sema bado hujakizoea. Ni kweli, na inamwachia nafasi ya kukufundisha.

Baada ya kula, rudi kwake. Tuma ujumbe siku hiyo hiyo, na utaje kitu mahususi: uliila na nini, nani alikuwepo, kipi kilikushangaza. "Asante, ilikuwa tamu" haitoshi. Mkikutana tena, hata zikiwa zimepita wiki mbili, shukuru upya kwa zawadi ile ile kabla ya maongezi mengine. Kwetu kushukuru mara mbili kunaweza kuonekana kama kuomba nyingine. Huku usiposhukuru mara ya pili, mtu anabaki akijiuliza kama ilikufikia vizuri.

Zawadi ya kuzaliwa haikulazimishi kurudisha nyingine mara moja, tofauti na zile za harusi au kuzaliwa mtoto ambazo zina utaratibu wake. Lakini andika tarehe yake ya kuzaliwa. Usimpe vitu vinne wala tisa, kwa kuwa matamshi ya namba hizo yanagusa kifo na mateso. Usilete nyama kutoka nyumbani, hata iliyokaushwa. Itazuiwa uwanja wa ndege. Kahawa ni chaguo zuri kwa sababu arabika ya Tanzania inauzwa Japani kwa jina la Kilimanjaro na karibu kila mnywaji wa kahawa analijua.

Mama mwenye nyumba nilimpelekea kahawa hiyo, pamoja na viungo vya pilau vizima: binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Nikamwandikia kadi kwa Kijapani, namna ya kukaanga vitunguu hadi viwe kahawia na kisha kumalizia kwenye sufuria yake ya umeme ya kupikia wali. Mchele wa Kijapani ni mfupi na unanata, hivyo nilimwambia apunguze maji kidogo na auoshe mara kadhaa. Jioni akanipigia simu. Pilau ilikuwa mezani, mumewe ameshashika vijiti, na walitaka kujua kama karafuu zinatafunwa au zinawekwa pembeni ya sahani.