Kang'oa jino, sasa anaambiwa akatwe kinyama kikapimwe

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 52, ni seremala hapa Keko, na ugoro ametumia miaka mingi, huuweka ndani ya mdomo wa chini. Juzi alikwenda kung'oa gego. Kabla hata ya sindano ya ganzi, daktari akamvuta ulimi kwa kitambaa, akampapasa shingo, kisha akamwambia ana doa jeupe pale anapoweka ugoro. Aache ugoro, arudi baada ya wiki mbili. Doa likiwa bado lipo, atakatwa kinyama kikapimwe. Mume wangu amegoma. Anasema doa lenyewe haliumi, na majirani wanasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Nifanyeje?
Mama wa Keko

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza huyo daktari mshukuruni. Watu wengi huja kwetu kwa jino moja, likang'olewa hilo moja, wakaondoka bila mtu kutazama kwingine kinywani. Hilo linaniuma, maana uchunguzi wenyewe ni dakika chache na hauhitaji mashine. Meno ya bandia yanavuliwa, midomo inapinduliwa, mashavu yanakaguliwa. Ulimi unashikwa kwa kitambaa na kuvutwa huku na huku ili pembeni kule nyuma paonekane. Kisha kidole kimoja kinaingia chini ya ulimi, mkono mwingine unakaa chini ya kidevu, daktari anapapasa kama kuna kigumu katikati. Shingoni tunatafuta mitoki. Saratani ya kinywa huanzia mara nyingi pembeni mwa ulimi na chini yake, na huko mtu hapaoni vizuri kwa kioo chake.

Hilo la "haliumi" ndilo linalotuchelewesha. Saratani ya kinywa ikiwa changa, mara nyingi haiumi. Maumivu yakija, ulimi ukawa mzito, jino likalegea bila sababu, kumeza kukawa taabu, mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali.

Sisemi mumeo ana saratani. Madoa meupe mengi hayafiki huko, na lile la ugoro mara nyingi hufifia mtu akiacha. Ndiyo maana ya zile wiki mbili. Lakini aache kweli, asihamishie ugoro upande wa pili wa mdomo kama wengi wanavyofanya. Najua si rahisi. Ugoro ni tumbaku iliyochanganywa na magadi, na hayo magadi huifanya nikotini ipenye haraka mwilini, kwa hiyo kiu yake ni kali. Msimkaripie nyumbani. Kama anakunywa na pombe, aiache pia, kwa sababu tumbaku na pombe vikikutana, hatari inakuwa kubwa zaidi kuliko ya kimoja peke yake.

Sasa kisu. Kukata kinyama hakusambazi saratani. Maneno hayo yametokana na wagonjwa waliofika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Wakakatwa kinyama, baadaye wakafariki, lawama ikabaki kwa kisu. Kinachofanyika ni ganzi, kipande kidogo kama punje ya mchele, pengine uzi mmoja au miwili, kisha kinapelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Kwa macho tu hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia, hata mimi. Na wenzetu wa Muhimbili na Ocean Road watalihitaji jibu hilo kabla ya kupanga operesheni au mionzi, ikibidi.

Doa likigeuka jekundu, likachubuka au likavimba, msisubiri tarehe. Siku ya kurudi nenda naye. Mwombe daktari ampe kioo alione doa mwenyewe, na mtaje dawa zote anazotumia, hasa za presha, za sukari na za kuyeyusha damu. Pengo la gego nalo, kama kufikia siku hiyo bado ni kidonda kibichi, lionyesheni.